Watu Walikuwa Wengi

Yako maneno matatu ambayo nayachukia kuliko tusi lolote: "Watu walikuwa wengi." Nimeyasikia msibani, nimeyasikia barazani, nimeyasikia kituo cha polisi, na sina budi kukiri mapema kwamba nimeyasema mimi mwenyewe. Mtu huyasema anapoulizwa kwa nini hakutenda lililompasa, na akishayasema hujiona amejibu. Aliyeuliza naye huitikia kwa kichwa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari. Nayaandika haya kuyapinga maneno hayo, na kumpinga kila anayeyapokea kana kwamba ni udhuru halali.

Nianze na dhambi yangu, ili msomaji asidhani nazungumza nikiwa juu ya mimbari.

Mwaka 1993, asubuhi moja ya msimu wa mitihani ya kidato cha nne, nilikuwa kituo cha basi Magomeni, Dar es Salaam, nikisubiri daladala. Nilikuwa mwalimu, na siku hiyo zamu ya kusimamia chumba cha mtihani ilikuwa yangu. Msukuma mkokoteni mmoja aliyebeba magunia ya mkaa alikuwa akivuka barabara ya Morogoro. Daladala iliyokuwa ikiwahi abiria ikamkumba. Mkokoteni ukapinduka, mkaa ukatapakaa barabarani, na yule bwana akalala kando ya lami huku damu ikimtoka kichwani. Dereva akafungua mlango wake akatimua mbio.

Yule bwana alikuwa hai. Nasema hivyo kwa kuwa nilimwona akiinua mkono wa kulia, akiufumba na kuufumbua, kama mtu anayetafuta kitu cha kushika.

Tulikuwa watu wasiopungua hamsini. Tulimzunguka, tukatengeneza duara safi kama la ngoma, na katikati ya duara hapakuwa na mtu isipokuwa yeye. Maneno niliyoyasikia pale nayakumbuka mpaka leo. "Msimguse, polisi wanakuja." "Ukimpeleka wewe ndiye utakayeisaidia polisi." "Bila PF3 hawampokei." "Jamani, hana ndugu hapa?" Pembeni yangu alisimama bwana mmoja mtu mzima, amevaa suti ya Kaunda, uso wa heshima. Nikamtazama, nikajiambia: mzee huyu ana busara zake, kama pangekuwa na la kufanya, angelifanya. Leo sina shaka kwamba naye alinitazama mimi, mwalimu mwenye mkoba na kalamu mfukoni, akajiambia hayohayo.

Basi langu likaja. Nikapanda.

Jioni nilisikia kwamba alikaa pale karibu nusu saa, na kwamba alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza bila ya kuinua macho, "Na wewe ulifanya nini?" Nikamjibu, "Watu walikuwa wengi." Hakusema neno. Aliendelea kuchambua mchele wake, akitoa mawe.

Pengine angekufa hata kama ningemgusa. Lakini asingekufa akitafuta kitu cha kushika.

Sasa, kila ninapokisimulia kisa hiki mbele ya wazee na wahubiri, jibu lao huwa tayari mdomoni. Watasema utu umekwisha. Watasema mji umewaharibu watu, fedha imewapofusha, vijana wa siku hizi hawana huruma. Zamani haikuwa hivi. Hapo ndipo ninapoanza ugomvi wangu nao.

Hao watu hamsini wa Magomeni hawakuwa makatili. Walikuwa watu walewale wanaochanga rambirambi bila kuulizwa, wanaolala matanga kwenye jamvi usiku kucha, wanaogawana chumvi na jirani. Yamkini mmoja wao alikuwa ametoka kumpelekea uji mgonjwa wa mtaani kwake asubuhi ileile. Ukimkuta yeyote kati yao peke yake kwenye njia ya shamba, akamwona mtu ameanguka, angemwinua. Mioyo haikuwa imepotea. Ilikuwa hapohapo vifuani, ikidunda kwa nguvu, ila kila moyo ulikuwa unangoja mwingine utangulie.

Na hiyo zamani tunayoililia, hebu tuitazame vizuri. Kijijini nilikozaliwa ukunga ulipopigwa usiku, kila mwanamume alitoka na panga au rungu. Je, ni kwa kuwa mioyo ya babu zetu ilikuwa laini kuliko yetu? Sidhani. Ni kwa kuwa asubuhi yake asiyetoka aliulizwa, na aliulizwa kwa jina lake: "Fulani, jana ulikuwa wapi?" Wajibu ule ulikuwa na mwenyewe. Mjini wajibu hauna mwenyewe. Ni wa "watu". Na "watu", msomaji wangu, ni kiumbe asiye na mikono.

Haya si maoni yangu tu. Wapo waliokaa wakayapima. Tarehe 13 Machi 1964, usiku wa manane, mwanamke kijana aliyeitwa Kitty Genovese alichomwa visu karibu na nyumba yake katika mtaa wa Queens, New York. Gazeti kubwa la mji huo likaandika kwamba mashahidi 38 walitazama na hakuna aliyewapigia polisi simu wakati anashambuliwa. Marekani yote ikapiga kelele: utu umekwisha! Miaka mingi baadaye ilidhihirika kwamba habari ile ilitiwa chumvi. Wengi wa hao waliohesabiwa hawakuona tukio lenyewe, na jirani mmoja mwanamke alishuka ngazi akamkumbatia majeruhi mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Gazeti lenyewe lilikiri mwaka 2016 kwamba taarifa yake ilikuwa na kasoro. Tazama basi: tulipewa hadithi ya mioyo iliyokufa, nasi tukaimeza, ilhali mwanamke aliyeshuka ngazi hakukumbukwa.

Hata hivyo kelele zile zilizaa jambo la maana. Wataalamu wawili wa saikolojia, John Darley na Bibb Latané, walikataa jibu jepesi la kulaumu mioyo. Mwaka 1968 walichapisha jaribio lao. Mwanafunzi aliwekwa peke yake katika chumba kidogo, akizungumza na wenzake wa vyumba vingine kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wa hao wenzake, ambaye kwa kweli ilikuwa ni sauti iliyorekodiwa, akaanza kuhema na kuomba msaada kama aliyeshikwa na kifafa. Wale walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti ile haijakatika. Walioamini kwamba yupo msikilizaji mwingine mmoja, asilimia 62. Walioamini kwamba wapo wengine wanne, asilimia 31.

Lililonigusa zaidi si hizo tarakimu. Ni kwamba mtafiti alipoingia chumbani mwa wale wasiotoka, wengi aliwakuta mikono inatetemeka na viganja vimelowa jasho, nao wakamwuliza, "Yule mwenzetu hajambo?" Hao si watu wasiojali. Hao ni mimi, nikiwa ndani ya daladala, nikichungulia dirishani mpaka shingo ikaniuma.

Wataalamu haohao walifanya jaribio jingine. Walimweka mtu chumbani ajaze fomu, kisha wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara tatu katika nne alitoka kutoa habari. Lakini alipowekwa pamoja na watu wawili walioagizwa kutulia kana kwamba hakuna kitu, ni mmoja tu katika kumi aliyetoka. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakapunga moshi kwa mkono, wakaendelea kujaza fomu.

Msomaji aweza kucheka. Asicheke. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakaenda na madumu kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Moto ukalipuka, na waliokufa walizidi mia moja. Miaka kumi kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2009, jambo lilelile lilitokea Sachangwan nchini Kenya, na huko nako waliokufa walizidi mia moja. Baada ya misiba hiyo wenye ofisi na viyoyozi walisema: umaskini na ujinga. Umaskini naukubali, kwa maana dumu la mafuta ni chakula cha siku kadhaa. Ujinga naukataa. Hakuna mtu mzima asiyejua kwamba petroli hushika moto. Lakini ukifika mahali ukakuta mwenzako anachota, na jirani yako anachota, na kijana anapita akicheka na dumu limejaa, macho yako yanakwambia pana usalama, hata kama pua yako inasema vingine. Kila mmoja alikuwa shahidi wa usalama kwa mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameukagua.

Na upande wa pili wa shilingi hiyo upo mitaani kwetu. Mtu mmoja hupiga kelele, "Mwizi!" Hakuna anayeuliza ameiba nini, cha nani, lini. Dakika tano baadaye kijana amelala chini na tairi liko shingoni. Waulize watu wa mtaa ule nani aliyeua. Kila mmoja atakwambia yeye alirusha jiwe moja tu, tena dogo, au hakurusha kabisa, alisimama tu. Mawe yamehesabiwa yote na muuaji hayupo. Watu walikuwa wengi.

Tumelelewa na methali mbili ambazo leo nathubutu kuzishitaki. Ya kwanza ni "Wengi wape". Ya pili ni "Kufa kwa wengi ni harusi". Najua wazee waliozitunga walikuwa na makusudi yao: ya kwanza hutuonya tusishindane bure na umma, ya pili humfariji aliyepatwa na balaa pamoja na wenzake. Lakini sisi tumezifanya mto wa kulalia. Wengi wape nini? Ukiwapa haki yao ya kupiga kura na kuamua bei ya ng'ombe wa kijiji, vema. Ukiwapa dhamiri yako, umeitupa, maana wengi hawana kifua kimoja cha kuihifadhi. Na kuhusu hiyo harusi, nenda Morogoro ukamwulize mjane wa Msamvu kama siku ile alisikia vigelegele.

Hapa nasikia msomaji akinipinga: "Bwana, unatukana umati, na sisi ni watu wa ujamaa. Kidole kimoja hakivunji chawa." Pingamizi hilo ni la haki, nami nalijibu hivi: siupingi umati, naupinga ukimya wa dakika zake za mwanzo. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulichunguza picha za kamera za mitaani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi 219 wa hadharani, mara tisa katika kumi alitokea walau mtu mmoja wa kuamua au kusaidia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana mtu huyo ulivyoongezeka. Kwa hiyo wingi wenyewe si laana. Katika wingi mna akiba kubwa ya mikono. Kinachokosekana ni wa kwanza.

Nasi tumeliona hilo kwetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuwa wameajiriwa kuokoa. Wa kwanza alipopiga kasia, wa pili akapiga, na muda si mrefu umati uliojaa ufukweni ulikuwa umeshika kamba unavuta ndege. Watu 24 walitoka hai, na 19, Mungu awarehemu, walifariki. Umati huo wa ufukweni, kama hakuna aliyepiga kasia, ungesimama ukitazama mpaka jioni, nao ungekuwa na watu wema walewale.

Mtaalamu mwingine, Solomon Asch, alionyesha katika miaka ya 1950 jinsi mtu anavyoweza kukana macho yake. Aliwaonyesha watu mistari, wakaulizwa ni upi unaolingana na mwingine, jibu likiwa wazi kama mchana. Lakini wenzao wote, waliokuwa wamepangwa, walitaja jibu la uongo kwa sauti, na walioulizwa wakawafuata takriban mara moja katika kila tatu. Ila alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli miongoni mwa wale waongo, makosa yalipungua hadi kama robo ya yale ya awali. Mmoja tu! Hakuhitajika chama wala maandamano.

Mimi mwenyewe ni hai leo kwa sababu ya mmoja kama huyo. Mwaka 2018 nilikuwa sokoni Buguruni. Nina ugonjwa wa sukari, na asubuhi ile nilikuwa nimemeza dawa bila ya kula kitu. Kichwa kikawa chepesi, jasho likanitoka, magoti yakalegea, nikaanguka kati ya mafungu ya nyanya. Sikuzimia kabisa, nilisikia. Nikasikia miguu inakusanyika. Nikasikia mtu anasema, "Huyu amelewa." Mwingine akasema, "Ana kifafa, msimguse, linaambukiza hilo povu." Povu sikuwa nalo, na kifafa hakiambukizi, lakini nani alikuwa na haja ya ukweli? Nikajua nimo katikati ya duara. Nikamkumbuka yule bwana wa mkaa.

Kisha ikapasua sauti ya mama mmoja muuza dagaa. Hakusema "Jamani saidieni." Sikiliza alivyosema: "Wewe wa shati la bluu, mshike mabega! Wewe mwenye bajaji, geuza hapa! Wewe binti, mpe hiyo soda yako anywe, mzee anatikisa kichwa, anasikia! Na wewe unayesema amelewa, beba mfuko wake, ukipotea nitakudai wewe." Wote wanne walitii papo hapo. Kijana wa shati la bluu alinibeba kama mwanawe. Hata yule aliyesema nimelewa alinifuata mpaka hospitali, akanikabidhi mfuko wangu na nyanya zote zimo.

Umati wa Buguruni haukuwa na tofauti na umati wa Magomeni. Tofauti ilikuwa mama mmoja, aliyekuwa na akili ya kutowaomba "watu". Alikigawa kile kitu kisicho na mikono kikawa wewe, na wewe, na wewe.

Basi, ninachodai si kikubwa. Sidai ushujaa. Ukikuta mtu ameanguka na wengine wamesimama, usizisome nyuso zao kutafuta ruhusa, kwa sababu nao wanausoma uso wako. Sema jambo moja kwa sauti, hata kama ni swali: "Huyu amepatwa na nini?" Kisha nyoosha kidole kwa mtu mmoja, mtaje kwa nguo yake, mpe kazi moja. Kama hujui tiba, usimburute majeruhi, kwa kuwa huenda amevunjika shingo. Lakini kukandamiza kitambaa safi kwenye jeraha, kusimamisha gari na kumwambia mtu "nipo hapa" hakuhitaji cheti. Na ikiwa wewe ndiye uliyeanguka na sauti unayo, usiite "jamani". Chagua mtu.

Kwa wenye mamlaka nina neno moja. Hofu ya raia kugeuzwa mtuhumiwa kwa kuwa amebeba majeruhi si uzushi wa watu waoga, na kila anayewahoji wasamaria kwa ukali anaua majeruhi wa kesho. Karatasi ifuate damu. Damu isingojeshwe na karatasi.

Tangu siku ile ya 1993 nimejiwekea sharti: nikiona duara la watu barabarani, naingia ndani. Sijageuka shujaa kwa sharti hilo. Mara nyingi nimekuta mchezo wa karata tatu. Mwaka juzi, karibu na nyumbani, nilipenya katikati ya watu kama ishirini nikamkuta kijana amelala kifudifudi. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikamwuliza jina lake. Alifumbua jicho moja, pombe ikininukia usoni, akanitukana tusi la nguoni mbele ya watu wote, nao wakacheka sana.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Safari hii alicheka naye. Kisha akaniuliza swali lake lilelile, "Na wewe ulifanya nini?" Nikamwambia nilimgeuza ubavu asije akapaliwa, nikakaa naye mpaka nduguye alipokuja.